Marehemu Askofu Stefano Ruben Moshi (1906–1976)

Alizaliwa mwaka 1906 Kotela, Mamba, katika nchi yetu hii ya Vunjo. Alianza utumishi kama mwalimu wa shule, kisha akabarikiwa kuwa mchungaji. Kanisa la Kilutheri la Tanganyika Kaskazini lilikuwa limezoea kuongozwa na wamisionari. Mwaka 1960 mwana wa Kotela akawekwa wakfu kuwa askofu wake. Mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana, akawa mkuu wa kwanza wa kanisa ambalo leo ni KKKT. Alilala katika Bwana mwaka 1976.

Ndugu mpendwa, unayedhani karama yako ya kufundisha watoto, kuimba au kufagia kanisa ni ndogo, jipe moyo. Bwana hamngojei aliyejitosha. Humtosheleza yule aliyemwita.