Abunuwasi wa kweli: Malenga aliyeitetea divai kuukuu hadi gerezani

NI nani asiyemjua Abunuwasi? Mtoto wa shule ya msingi huko Mutomo, kusini mwa Kitui, anamjua sawasawa na mwenzake wa Lamu, Tanga au Unguja. Ni yule mjanja aliyemrudishia jirani yake sufuria akidai kwamba imezaa, na baadaye akaazima nyingine na kukaa nayo akidai kwamba imekufa.

Wachache, hata hivyo, wanafahamu kuwa mtu huyo aliishi kweli, kuwa ni miongoni mwa washairi wakuu kabisa wa lugha ya Kiarabu, na kuwa sifa yake ya kwanza haikuwa ujanja. Sifa yake ya kwanza ilikuwa divai, na hasa divai iliyozeeka.

Ubishi kuhusu kinywaji kipi ni bora si mgeni kwa wazee wa Mutomo. Katika nchi hiyo kavu inayosifika kwa mizinga ya nyuki, pombe ya asali iitwayo kaluvu huchachushwa kwa matunda makavu ya mwegea. Wazee wanapoketi kuzungumzia mahari, hakosekani anayependa ile ambayo ingali tamu, wala anayependa ile iliyokwisha kukolea.

Lakini kaluvu haina subira. Siku chache zikipita, hugeuka siki. Divai ya zabibu, ikitunzwa vyema, huweza kukaa miaka mingi, na Abunuwasi aliufanya umri huo kuwa hoja ya maisha yake.

Jina lake kamili lilikuwa Abu Ali al-Hasan bin Hani al-Hakami. Alizaliwa Ahwaz, katika nchi inayoitwa leo Iran. Wanahistoria hawakubaliani juu ya mwaka, na tarehe zinazotajwa ni kati ya 747 na 762. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa ukoo wa Umayya. Mama yake alikuwa Mwajemi. Jina la Abu Nuwas alipewa kwa utani kwa sababu ya nywele zake zilizoning'inia hadi mabegani.

Baba alifariki mwana akiwa mdogo, na mama akahamia naye Basra. Huko inasimuliwa kwamba alifanya kazi kwa muuza manukato huku akijifunza Kurani, hadithi za Mtume na sarufi. Mshairi Waliba bin al-Hubab alivutiwa na kipaji chake akamchukua hadi Kufa. Baadaye akawa mwanafunzi wa Khalaf al-Ahmar, bingwa wa mashairi ya kale.

Wapokezi wa habari husimulia kwamba Khalaf alimkataza kutunga hata ubeti mmoja kabla hajahifadhi maelfu ya beti za wahenga. Alipokwisha kuzihifadhi, mwalimu alimwamuru azisahau zote, ndipo akamruhusu kutunga. Inasemekana pia aliishi miongoni mwa Mabedui kwa muda ili ainoe lugha yake.

Alipofika Baghdad, mji ulioanza kujengwa mwaka 762, aliukuta umejaa wafanyabiashara, wanazuoni, wanamuziki na wageni wa kila taifa. Lakini washairi wake waliendelea kufungua kasida zao kwa desturi ya jangwani, wakililia mahame ya kambi ambayo wengi wao hawakuwahi kuyaona.

Abunuwasi aliyatambua machozi hayo kuwa ya kuigiza. Aliwakejeli waziwazi, akawaachia Mabedui maziwa yao ya ngamia na upepo wao wa mchanga. Yeye alitaka kuimba juu ya kile alichokiona na kukionja mwenyewe, nacho kilikuwa divai ya mjini.

Hapo ndipo ubishi wa vinywaji ulipopata uzito. Karne ile wanazuoni walikuwa wakijadili hukumu ya nabidhi, maji yaliyolowekwa tende au zabibu kavu na kuachwa hadi yakachachuka. Wanazuoni wa Kufa, waliomfuata Abu Hanifa, walivumilia kiasi kidogo kisicholevya. Wale wa Hijazi walikataa kabisa, na huo ndio msimamo pia wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa zaidi katika pwani yetu. Divai ya zabibu ilikuwa haramu kwa wote.

Mtu aliyetaka kulinda heshima yake angeweza basi kunywa nabidhi na kujitetea kwa fatwa ya Kufa. Abunuwasi alikataa kujificha humo. Alitangaza kwamba anakunywa divai halisi ya zabibu, tena anajua kuwa ni haramu. Kwake yeye, unafiki ulikuwa aibu kubwa kuliko kileo.

Tena hakuridhika na divai yoyote. Alipendelea ile kuukuu, iliyofungiwa katika mitungi mikubwa iliyopakwa lami na kuzibwa kwa udongo. Katika mashairi yake, divai ni bibi harusi aliyefichwa ndani miaka na miaka, mwenye umri wa wafalme waliokwisha sahauliwa, naye mnunuzi ni mposaji anayebishana na mwenye nyumba juu ya mahari. Rangi yake huwa mara yakuti nyekundu, mara dhahabu, mara mwali wa taa unaomulika chumba chenye giza. Huchanganywa na maji, nayo mapovu yake huwa lulu.

Sifa hizo hazikuwa maneno matupu. Sayansi ya leo inaeleza kwamba vile vitu vikali vya maganda na mbegu za zabibu, vinavyokausha ulimi, huungana polepole na rangi kadiri divai nyekundu inavyokaa, kisha vingine hutuama chini kama mashapo. Ukali hupungua, harufu huongezeka, na wekundu hufifia kuelekea rangi ya tofali. Hata hivyo, divai nyingi hazifai kuzeeshwa, na zikikawia huharibika. Kuchagua kulihitaji ujuzi, na Abunuwasi alijivunia ujuzi huo kama fundi wa dhahabu anavyojivunia jicho lake.

Gharama ya msimamo wake ilikuwa kubwa. Wakati wa Harun Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809, alionja jela, na mara moja sababu ilikuwa kejeli zake dhidi ya Waarabu wa kaskazini. Mwaka 803 khalifa aliwaangamiza Wabarmaki, ukoo wa mawaziri. Abunuwasi aliwatungia maombolezo na ikambidi akimbilie Misri, alikomsifu al-Khasib, msimamizi wa kodi.

Alirejea Baghdad, na al-Amin alipotawazwa mwaka 809 akawa rafiki na mnywaji mwenzake wa khalifa huyo kijana. Lakini urafiki ule ukageuka silaha mikononi mwa wengine. Wafuasi wa al-Maamun, nduguye al-Amin aliyekitaka kiti, waliyasoma mashairi ya Abunuwasi mbele ya watu kuwa ushahidi kwamba khalifa amezungukwa na walevi. Al-Amin akamfunga rafiki yake na kumkataza kunywa. Malenga alitii kwa muda, akatunga mashairi ya kuitamani divai asiyoruhusiwa kuigusa.

Al-Amin aliuawa mwaka 813 baada ya Baghdad kuzingirwa. Abunuwasi alifariki muda mfupi baadaye, yapata 814 au 815. Wengine wanasema alifia gerezani, wengine katika nyumba ya mwanamke muuza divai, na wengine nyumbani kwa ukoo wa Nawbakht, ambao hata hushukiwa kwamba walimpa sumu. Alizikwa Baghdad.

Aliacha pia mashairi ya toba, yanayomsihi Mola mwenye huruma isiyo na kikomo. Wapo wanaoyaona kuwa ushahidi kwamba alitubu uzeeni, na wapo wanaodai aliyatunga kama alivyotunga mashairi ya uwindaji, kuonyesha tu kwamba anaweza. Mtu aliyechukia unafiki kiasi kile anastahili kuaminiwa katika yote mawili: kwamba alikunywa, na kwamba aliogopa.

Baada ya kufa, alianza maisha mengine. Aliingia katika ngano za Alfu Lela Ulela akiwa mchekeshaji wa Harun Rashid, kisha hadithi zikavuka bahari pamoja na majahazi hadi mwambao wetu, zikachanganyika na visa vya sungura na za wajanja wengine. Njiani divai ilimwagika. Iliyobaki ni akili yake kali, na ndiyo iliyomwezesha kuingia madarasani bila kumkera mtu.

Kwingineko jina lake halijatulia. Baghdad ina barabara yenye jina lake kando ya mto Tigris, pamoja na sanamu yake akiwa na kikombe mkononi. Misri, mwaka 2001, Wizara ya Utamaduni iliteketeza nakala zipatazo 6,000 za mashairi yake, kwa sababu ya yale aliyoyatunga juu ya mapenzi ya wavulana. Zaidi ya miaka 1,100 baada ya kifo chake, bado aliweza kuzitia serikali hofu.

Wazee wa Mutomo wataendelea kubishana juu ya kaluvu tamu na kaluvu kali, na hakuna atakayefungwa kwa chaguo lake. Abunuwasi hakupata bahati hiyo. Mwalimu atakaposimulia tena kisa cha sufuria iliyozaa, si vibaya akawaambia wanafunzi kwamba mcheshi huyu alikuwa mtu wa nyama na damu, aliyejua makosa yake, akayataja kwa jina na kuyalipia.