Dunlop: Daktari wa mifugo aliyelitia gurudumu pumzi

KABLA ya mwaka 1888, aliyepanda baiskeli alihesabu kila jiwe la barabarani kwa mgongo wake. Magurudumu yalivikwa mpira mgumu usio na hewa, na kokoto moja ilitosha kumtikisa mwendeshaji mzima.

Aliyebadilisha hali hiyo hakuwa mhandisi bali daktari wa mifugo. John Boyd Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, Scotland. Mwaka 1867 alihamia Ireland, na baadaye akajulikana mjini Belfast kwa kutibu farasi.

Mnamo 1887 alimwona mwanawe mdogo, Johnny, akitaabika kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu katika barabara za mawe za mji huo. Hakulaumu gurudumu peke yake. Alitazama pia ardhi lililokanyaga. Alitengeneza mrija wa mpira, akaufunika kwa kitambaa, akaufunga kwenye duara la ubao na kuujaza hewa kwa pampu ya kandanda.

Kisha akaliviringisha gurudumu hilo uani sambamba na lile la mpira mgumu. Lenye hewa lilikwenda mbali zaidi. Sababu ni kwamba hewa hubonyea na kulimeza jiwe, ilhali mpira mgumu hulazimika kuupandisha mzigo wote juu yake.

Alipata hataza mwaka 1888. Mei 1889, mwendeshaji Willie Hume alitumia matairi hayo katika mashindano mjini Belfast na kuwapiku wapinzani wake. Mfanyabiashara Harvey du Cros akavutiwa, na kampuni ikaanzishwa Dublin mwaka huo huo.

Hata hivyo, furaha haikudumu. Ilibainika kwamba Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilo hilo tangu 1845, wakati ambapo baiskeli za kuyahitaji matairi hayo hazikuwapo. Hataza ya Dunlop ikapoteza nguvu. Alijiondoa katika kampuni mwaka 1895, na mwaka uliofuata ikauzwa kwa pauni milioni tatu. Utajiri mkubwa ukawaendea wengine.

Kuna waliolipa gharama kubwa zaidi. Uhitaji wa mpira uliongezeka ghafla, na katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wanavijiji walilazimishwa kuugema msituni. Walioshindwa kutimiza kiasi walichowekewa walichapwa, wakakatwa mikono au kuuawa, hadi utawala huo ulipokomeshwa mwaka 1908.

Dunlop alifariki Dublin Oktoba 23, 1921, akiwa na umri wa miaka 81.

Aliacha funzo ambalo mwenye baiskeli au bodaboda angali analihitaji: anza na barabara, ndipo uchague tairi. Kwenye lami, tairi lenye meno mafupi na hewa ya kutosha hugusa barabara vyema na kushika breki. Kwenye matope, meno marefu yaliyoachana huuma ardhi, ila meno hayo hayo hupunguza mshiko kwenye lami iliyolowa. Mchangani, tairi pana lililopunguzwa hewa kidogo halizami upesi. Lakini mwendeshaji akumbuke kulijaza tena arudipo kwenye lami.

Anayenunua tairi kwa bei tu, bila kuiwazia njia yake, amelisahau swali aliloanza nalo daktari yule wa Belfast.