Syokimau: Mwanamke wa Ukambani Aliyeisimulia Kesho

Jina la Syokimau hutajwa kila siku na maelfu ya wasafiri ambao hawana haja ya kumjua mwenye jina. Ni jina la mtaa na la kituo cha treni katika Kaunti ya Machakos, mahali ambapo Nairobi inaishia na nyika za Athi zinaanzia. Makondakta hulitamka upesi upesi pamoja na nauli. Hata hivyo, kabla ya kuwa la mahali lilikuwa jina la mtu, tena mwanamke. Mkamba hulisikia hilo mwanzoni mwa neno lenyewe, kwani Syo- ni kiambishi cha majina ya kike, kama katika Syombua, binti aliyezaliwa wakati wa mvua.

Syokimau aliishi katika karne ya 19, na masimulizi mengi humweka katika milima ya Iveti, juu ya mahali ulipo mji wa Machakos. Hapakuwa na karani wa kuandika siku aliyozaliwa wala siku aliyofariki. Maisha yake yamehifadhiwa vinywani mwa watu, kuanzia Iveti hadi Mbooni na Nzaui katika Makueni ya leo, na kuvuka mto Athi mpaka Kitui, hata huko Kyuso kwenye ukame wa kaskazini. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa fasihi simulizi humkuta katika mighani, safu moja na Fumo Liyongo wa pwani na Luanda Magere wa Waluo. Tofauti ni kwamba hao wawili walikuwa majagina wa mkuki na upinde, ilhali yeye hakushika silaha yoyote.

Wakamba walimtenga mundu mue, yaani mganga apigaye ramli na kutibu, na mwathani, ambaye hupokea habari za mambo yajayo. Syokimau husimuliwa kuwa alikuwa na vipawa vyote viwili. Inasemekana aliwatahadharisha watu wake kabla ya uvamizi wa Wamaasai, na vijana wakapata muda wa kuficha ng'ombe na kushika zamu. Ikumbukwe kwamba nzama, baraza la wazee, lilikuwa la wanaume. Mwanamke huyu hakuwa na cheo cha kuwalazimisha watu wamsikilize. Alisikilizwa kwa sababu aliyoyasema jana yalitimia leo, na hayo ni mamlaka magumu kuliko ya kiti, maana kosa moja lingetosha kuyavunja.

Utabiri uliompa umaarufu ni wa aina nyingine. Alieleza kuwa litakuja joka refu ajabu, litakalotambaa kutoka maji makubwa ya mashariki hadi maji mengine ya magharibi. Pamoja nalo watakuja watu wa rangi ya nyama mbichi, wenye maneno yasiyoeleweka kama sauti za ndege, nao watabeba moto katika mavazi yao. Wasimulizi wa baadaye walifasiri kila kipengele: joka ni reli, watu ni Wazungu, moto ni viberiti au bunduki. Fasiri hizo ni za haraka mno. Zinampunguza Syokimau kuwa mtegaji wa vitendawili, na kutusahaulisha kazi ya lugha iliyofanyika pale. Mtu anayeona kitu kisicho na jina hana budi kukiita kwa jina la kitu kilichopo. Kiswahili chenyewe kilifanya hivyo hivyo kilipokiita chombo cha kuruka ndege, na mpaka leo ni upatanisho wa kisarufi tu unaotuambia iwapo aliyeruka ana manyoya au iliyoruka ina injini. Nzoka, neno la Kikamba kwa nyoka, lilibeba urefu, mwendo wa kujipinda na kelele ya pumzi. Lilibeba pia sumu, na hapa ndipo fasiri nyingi zinapopita bila kusimama.

Wako wanaodai kuwa utabiri huu ulitungwa baada ya reli kufika. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanandi wanamhusisha Kimnyole, orkoiyot wao aliyeuawa mwaka 1890, na nyoka wa namna iyo hiyo, na Wagikuyu nao humtaja Mugo wa Kibiro. Aidha, Ukambani haukuwa nchi iliyofungwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyotawala biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alimpokea mmishonari Krapf mwaka 1849, na ni kutoka Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo. Habari za wageni weupe na silaha zao zingeweza kabisa kupanda hadi Iveti pamoja na chumvi na shanga. Lakini hata tukikubali kwamba maneno ya Syokimau yaliongezewa chumvi baada ya matukio, swali linabaki: kwa nini jamii yenye baraza la wanaume iliyaweka maneno hayo katika kinywa cha mwanamke? Watu hawamtwiki mzigo mkubwa hivyo mtu ambaye hawakumwamini.

Masimulizi yanakubaliana kwamba alikufa kabla ya kuliona joka. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka 1901. Ilipita kusini mwa nchi ya Wakamba, kwenye vituo kama Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikauacha mji wa Machakos kando. Nayo ilifika katika miaka mibaya kupindukia. Njaa kuu ambayo Wakamba huiita Yua ya Ngomanisye, ya kati ya 1897 na 1901, iliambatana na maradhi ya ng'ombe na ndui, ikaangamiza familia nzima nzima. Kwa waliosalia, sumu ya nzoka haikuwa tamathali ya usemi.

Miongo michache baadaye Marekani ilijitungia mashujaa wake wa kesho. Buck Rogers, aliyebuniwa na Philip Francis Nowlan mwaka 1928 na kuingia katika vibonzo vya magazeti Januari 1929, alilala usingizi akazinduka baada ya karne tano. Flash Gordon wa Alex Raymond alimfuata mwaka 1934, akapaa hadi sayari ya Mongo. Wote wawili huifikia kesho wakiwa na silaha mkononi na karibu kila mara huishinda. Syokimau aliitazama kesho kutoka kilimani kwake, akiwa miongoni mwa watu watakaofikiwa nayo, na hakuahidi ushindi. Hakuna mchoraji aliyemfanya kuwa maarufu kama wao, ilhali mbingu walizozichora wenzake zimeshatua kwao Ukambani: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi, kipande cha roketi kwa maelezo ya awali ya Shirika la Anga za Juu la Kenya, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni.

Jina lake limepata makao mengine. Novemba 2011 nyumba nyingi za mtaa wa Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba zilisimama juu ya ardhi ya uwanja wa ndege. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2012, kituo cha treni cha Syokimau kikafunguliwa. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya kutoka Mombasa ikazinduliwa, na kituo chake kikuu cha Nairobi kikawekwa papo hapo. Hivyo, jina la aliyeonya kuhusu joka limebandikwa mahali linapolala. Yamkini waliolichagua walikusudia heshima. Reli hiyo nayo, kama ile ya kwanza, haikupita Kyuso. Msafiri wa huko atakaye kuipanda kwa kawaida huanza kwa basi hadi Mwingi, kisha Nairobi, ndipo afike Syokimau.