Elie Metchnikoff, mtu aliyeona askari wa mwili

Mwiba ukiingia kwenye kidole, kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kiisha usaha unatoka. Wengi wanauona ule usaha kama uchafu tu. Kumbe ni mabaki ya vita. Aliyefungua watu macho juu ya vita hivyo ni Elie Metchnikoff.

Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, katika Ukraine ya leo, wakati ule chini ya ufalme wa Urusi. Hakuwa munganga, alisomea wanyama. Lakini ugonjwa aliujua nyumbani mwake: mke wake wa kwanza, Ludmila, alikufa na kifua kikuu mwaka 1873.

Mwaka 1882 aliacha kufundisha kwenye chuo kikuu cha Odessa, akaenda na jamaa yake Messina, Italia. Siku moja wenzake walikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki na mikroskopi. Alichukua watoto wa kiti cha pweza, mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, ambao ndani ya mwili wao kunaonekana kama kupitia kioo. Akawachoma miiba midogo. Kesho yake asubuhi akakuta chembe zimeuzunguka mwiba kila upande. Akaelewa kwamba hata kwetu, chembe nyeupe za damu zinafuata mikrobe na kuzila.

Waganga wengi walikataa. Wamoja walisema chembe hizo ndizo zinatawanya mikrobe mwilini. Wengine, zaidi Ujerumani, walisema kinga iko kwenye maji ya damu. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama mwenye kinga yanaweza kulinda mnyama mwingine. Ikawa sawa vile Metchnikoff ameshindwa. Lakini hakuacha. Tangu 1888 Louis Pasteur alikuwa amempa labo Paris, na huko alifanya kazi mpaka kufa.

Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, Mjerumani aliyetetea maji ya damu. Wote wawili walikuwa na ukweli: kingamwili za ndani ya damu zinanata kwenye mikrobe, na chembe zinaimeza kwa urahisi zaidi.

Metchnikoff alikufa tarehe 15 Julai 1916. Majivu yake yanalindwa kwenye Institut Pasteur, Paris. Leo, mtoto akipata chanjo kwenye kituo cha afya, kingamwili na chembe zote zinatayarishwa kwa vita vile vile.