Mkono Uliomchora Baba Krismasi

Desemba iliyopita, siku chache kabla ya sikukuu, wenzangu wa bwenini walinipa kazi. Tuliobaki kampasi tulikuwa wachache, boom lilikuwa limeshakata zamani, na nauli ya kwenda nyumbani haikuwepo. Wakataka angalau kadi nzuri ya Krismasi ya kurushiana kwenye simu. Mchoraji wao ni mimi. Nikakaa kwenye kimbweta na kompyuta yangu, jasho linanitiririka, namchora mzee mnene mwenye ndevu nyeupe, koti la manyoya na buti za theluji. Theluji yenyewe sijawahi hata kuigusa. Hapo nikajiuliza: hivi huyu babu, nani alimpa sura hii?

Nikaacha kuchora, nikaanza kusoma. Nikamkuta Thomas Nast, na tangu siku hiyo jamaa huyu hajanitoka kichwani.

Nast alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Landau, Ujerumani, mtoto wa mpiga tromboni. Mwaka 1846 mama yake alivuka bahari na watoto hadi New York, baba akawafuata baadaye. Shuleni hakufua dafu. Kusoma na kuandika kulimsumbua maisha yake yote, na inasimuliwa kwamba mkewe Sarah ndiye aliyekuwa akimsomea huku yeye akichora. Lakini mkono! Akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wengi wetu tulikuwa kidato cha pili, tayari alikuwa ameajiriwa kuchorea gazeti.

Umaarufu wake aliupatia Harper's Weekly, gazeti la kila wiki lililosomwa Marekani nzima. Siku hizo gazeti halikuwa na uwezo wa kuchapa picha ya kamera. Nast alichora kwenye kibao cha mti mgumu, tena kinyumenyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Kisha mafundi walichonga mbao ile wakifuata kila mstari, ikapakwa wino, ikachapwa. Picha kubwa iliunganishwa kwa vibao kadhaa. Sisi tunaobonyeza kitufe cha kufuta kila tunapokosea, hebu tufikirie kazi hiyo.

Toleo la tarehe 3 Januari 1863 ndilo lililomleta Baba Krismasi wake wa kwanza. Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nast alimchora mzee amekaa kwenye gari la theluji, kavaa nguo za nyota na mistari ya bendera, anagawa zawadi kwa askari wa Kaskazini. Mkononi ana mwanasesere mwenye kamba shingoni, na mwanasesere huyo ni kiongozi wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Yaani tangu siku ya kwanza babu wetu mpole alikuwa na upande wake vitani.

Vita vikaisha, Nast akaendelea kumchora karibu kila Desemba. Mwaka 1866 alimwonyesha akitengeneza vitu vya kuchezea kwa mikono yake, akikagua daftari la tabia za watoto, na makazi yake yakiwa Ncha ya Kaskazini. Mwaka 1881 ikatoka ile picha inayojulikana kuliko zote: tumbo kubwa, mashavu yamejaa, kiko kirefu mkononi, na zawadi tele kifuani. Wengi wetu tumeambiwa kwamba babu huyu ni mali ya matangazo ya Coca-Cola. Matangazo yale maarufu yalianza mwaka 1931, Nast akiwa kaburini karibu miaka 30, na nguo nyekundu zilikuwa zimeshaonekana kabla ya hapo.

Mkono huohuo uliweza kuuma. Mwaka 1871 Nast alimvaa William Tweed, bosi wa siasa za New York aliyekuwa akizitafuna fedha za jiji na genge lake. Inasimuliwa kwamba Tweed hakuhofia makala, kwa kuwa wapigakura wake wengi hawakujua kusoma. Alichohofia ni zile picha. Aliposhtakiwa, akafungwa, kisha akatoroka hadi Hispania, mwaka 1876 alitambuliwa kwa msaada wa katuni ya Nast. Alifia jela. Mwanamume asiyeweza kusoma vizuri aliwafikia wasioweza kusoma kabisa. Nilipofika hapo nilimpenda kabisa.

Kisha nikafungua ukurasa mwingine. Nast, ambaye mwaka 1863 alichora kwa furaha kuachwa huru kwa watumwa, na ambaye aliwatetea Wachina waliochukiwa, aliwachora wahamiaji wa Ayalandi kama nyani. Midomo ya nyani, chupa ya pombe mkononi, fujo. Maaskofu wa Kikatoliki aliwageuza mamba wanaotoka majini kuwavamia watoto wa shule. Baadaye hata wabunge weusi wa Kusini aliwachora kwa dhihaka. Na yeye mwenyewe alikuwa mhamiaji, tena aliyebatizwa Mkatoliki.

Nikafunga kompyuta. Sababu ni kwamba nina deni langu.

Mwaka wa kwanza nilitengeneza stika za WhatsApp za mwenzetu mmoja wa darasani. Nilikikuza kichwa chake, nikaandika chini yake jinsi anavyotamka maneno kwa lafudhi ya kwao. Kundi zima lilicheka, nami nikajiona fundi. Yeye alituma kicheko kimoja, kisha akawa kimya. Baada ya wiki mbili alitoka kwenye kundi. Semina zilizofuata aliacha kuuliza maswali, na kabla ya hapo alikuwa muulizaji kweli. Nilijitetea kwamba ulikuwa utani tu. Nadhani hata Nast angejitetea hivyo.

Mwisho wa Nast haukuwa wa sherehe. Mwaka 1884 kampuni aliyowekeza akiba yake ilifilisika, akabaki mikono mitupu. Aliachana na Harper's Weekly, akaanzisha gazeti lake, likafa. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt alimpa kazi ya ubalozi mdogo huko Guayaquil, Ekuado, na kwa madeni aliyokuwa nayo asingeweza kukataa. Homa ya manjano ikalipuka mjini. Wengine walikimbia, yeye akabaki kazini akiwasaidia watu, hadi alipougua. Alifariki tarehe 7 Desemba 1902, siku 18 kabla ya Krismasi, mbali na familia na mbali na theluji.

Kifo kile kinanigusa, ila hakiwafuti wale nyani. Mwaka 2011, zaidi ya karne moja baada yake, alipendekezwa kuenziwa na jimbo la New Jersey alikoishi, na watu wenye asili ya Ayalandi wakapinga. Walikuwa bado wanaziona zile picha. Picha ikishatoka mkononi mwako haikuombi ruhusa ya kuendelea kuishi.

Kadi niliimaliza usiku ule. Siku iliyofuata nilimtafuta yule mwenzangu, nikamkuta kwenye foleni ya kafeteria, nikamwomba radhi bila kujieleza sana. Alinisikiliza, akasema yameisha, akaendelea na foleni yake. Sijui kama yameisha kweli. Stika nilizifuta kwenye simu yangu siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita mtu nisiyemfahamu alinitumia moja, akicheka.