Gino Bartali: Mpandaji Milima Aliyetenda Wema Akaenda Zake

Wahenga walituusia tutende wema twende zetu, tusingoje shukrani. Gino Bartali, mwendeshaji baiskeli mashuhuri wa Italia, aliuishi wosia huo.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1914 huko Ponte a Ema, karibu na Florence. Umahiri wake ulidhihirika milimani, pale wenzake walipoishiwa pumzi. Mara saba alitawazwa mpandaji milima bora wa Giro d'Italia, mashindano aliyoyashinda mwaka 1936, 1937 na 1946. Mwaka 1938 alishinda Tour de France. Vita Vikuu vya Pili vikamnyang'anya miaka ya nguvu zake. Hata hivyo, mwaka 1948, akiwa nyuma ya Louison Bobet kwa zaidi ya dakika 20, alishinda hatua tatu mfululizo katika milima ya Alps, akalitwaa tena taji hilo baada ya miaka 10.

Umati uliomshangilia haukujua alilolitenda vitani. Wajerumani walipoikalia Italia mwaka 1943, Bartali alijiunga na mtandao wa siri uliowaokoa Wayahudi. Alisafirisha hati bandia kwa baiskeli, akijifanya yumo mazoezini, ilhali kukamatwa kungeweza kumgharimu uhai. Aliihifadhi pia familia moja ya Kiyahudi.

Maishani mwake hakupenda kujitangazia hayo. Alifariki tarehe 5 Mei 2000. Mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtunuku heshima ya wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Shukrani ambayo hakuingoja ilifika akiwa kaburini.