Padri Johnson na meli yake ya kwanza

Padri William Percival Johnson, aliyezikwa Liuli, mkoani Ruvuma, hakuwa baharia. Hata hivyo, anakumbukwa kwa chombo alichokichagua.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford, na mwaka 1876 akaja Afrika Mashariki na misheni ya UMCA ya Kanisa la Anglikana. Mwaka 1882 mwenzake, Padri Charles Janson, alifariki dunia kando ya Ziwa Nyasa. Ziwa hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na Johnson aliona kuwa vijiji vyake havingefikiwa vyote kwa miguu wala kwa mtumbwi. Akarudi kwao kuchangisha fedha za meli ya mvuke.

Ugumu ulikuwa njiani. Mto Shire una maporomoko, hivyo ilihitajika meli inayofunguka vipande, ibebwe na wapagazi na kuungwa tena Matope. Katika kipindi hicho Johnson aliugua macho, akabaki karibu kipofu. Hakuiacha kazi. Mwaka 1885 meli hiyo, Charles Janson, ilishushwa majini.

Hakuwa amekosea kuliogopa ziwa. Septemba 1895 rafiki yake tangu Oxford, Askofu Chauncy Maples, alikufa maji mashua yake ya matanga ilipopinduliwa na dhoruba.

Johnson aliendelea kuzunguka mwambao na kutafsiri Biblia kwa Kinyanja, hadi alipofariki Liuli mwaka 1928, akiwa na miaka 74.